Maji ya Ghorofa ya Tano

Kazi ya hoteli nilifundishwa kuanzia mdomoni. Kabla sijaonyeshwa namna ya kukunja pembe za shuka, kabla sijaambiwa dawa ipi ni ya kioo na ipi ni ya bafu, yule dada Mganda niliyekabidhiwa kwake asubuhi ya kwanza alinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikimalizia chupa yangu ya maji. Alitikisa kichwa kwa huruma. Akaniambia niyafurahie, maana hayo ndiyo ya mwisho hadi jioni.

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka Kenya bara na cheti changu cha utalii, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba somo la kwanza la utalii ni kiu.

Sababu yenyewe haikuwa na maajabu. Hoteli yetu iko Dubai, mtaa wa Al Rigga, na sisi wawili tulipangiwa vyumba vya ghorofa ya tano. Choo cha wafanyakazi kiko chini kabisa ya jengo, pembeni ya mashine za kufulia. Lifti ya kutupeleka huko ndiyo hiyo hiyo inayobeba mashuka machafu, takataka na masanduku ya jikoni, na ukiiita inakuja ikitaka. Vyoo vya wageni tulivisugua mpaka tukaona nyuso zetu ndani yake, lakini kuvikalia ilikuwa kosa, na aliyefumaniwa alipewa onyo. Ukishuka kwa haja, unapoteza muda wa chumba kizima, na chumba ambacho hukukimaliza kinakungoja baada ya wenzako kwenda nyumbani. Kwa hiyo wahudumu wa vyumba hawakunywa maji kazini. Wenyewe waliita jambo hilo kufunga koki. Ukimwuliza mtu hali asubuhi, angekujibu kwamba ameshafunga koki, na hapo ungejua yuko tayari kwa kazi.

Kilichonishangaza ni kwamba walijivunia. Mhudumu hodari alikuwa yule anayeshuka mara moja tu, wakati wa chakula. Dada mkubwa, maana hivyo ndivyo nilivyomwita yule Mganda mpaka mwisho, alikuwa hodari kuliko wote. Alinifundisha kulowesha kitambaa na kujipangusa midomo nacho, kutafuna karafuu ili mdomo usikauke, kuepuka chai ya asubuhi kabisa. Alinifundisha kwa upendo ule ule wa mama anayemfundisha bintiye kupika. Mimi nami nikawa hodari. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu wa Naif, mtaa tuliolala, kwamba mwili wangu umekwisha kuzoea.

Tuliishi pamoja Naif, chumba kimoja na wanawake wengine, vitanda vya juu na chini, kila mtu na pazia lake. Yeye alilala chini, mimi juu. Alikuwa Mwislamu kutoka upande wa Masaka, mwenye mabinti wawili waliolelewa na mama yake, na cheko la kuamsha jumba zima. Ramadhani ilipofika alisema ndiyo mwezi pekee anaokosa maji kwa faida, miezi mingine anafunga bila thawabu. Tulicheka. Sasa nikikumbuka kicheko kile natamani kumpiga mtu, na sijui nani.

Kisha ikaja kadi ya kijani.

Siku moja supavaiza alitukusanya karibu na stoo ya mashuka akatutangazia kwamba hoteli imeingia katika utalii unaojali. Alikuwa na bunda la kadi nzuri nene, zenye tundu la kutundika kwenye kitasa. Zilisema, kwa Kiingereza na Kiarabu, kwamba mgeni akitundika kadi mlangoni, chumba chake hakitasafishwa siku hiyo. Maji na umeme vitaokolewa, na hoteli itatoa mchango kwa afya ya jamii. Kazi yetu ilikuwa kuilaza kila kadi juu ya mto, katikati, maandishi yakimwelekea mgeni. Dada mkubwa alikuwa fundi wa hilo pia. Alininyooshea kadi zangu kwa kidole kimoja, akasema mtu akilala vibaya ni yeye, lakini kadi isilale vibaya.

Wageni waliipenda. Nani asiyependa kuambiwa kwamba uvivu wake ni wema? Vitasa vikajaa kijani. Nasi tukafurahi siku mbili tatu, tukidhani kazi imepungua. Ofisi nayo ikaona kwamba imepungua, ikapunguza watu. Tuliobaki tukaongezewa vyumba. Na chumba kilichokaa siku kadhaa bila kuguswa si chumba, ni uwanja baada ya mkutano: mchanga wa jangwani kwenye zulia, mabaki ya biriani chini ya kitanda, bafu lenye nywele za familia nzima. Chumba kama hicho kinakula muda wa viwili, na kwenye hesabu ya supavaiza kinaandikwa kimoja. Tukafunga koki zaidi.

Sitaki nisikike kama mtu asiyeamini mambo haya. Mimi niliyaamini kuliko supavaiza. Kwetu ni karibu na hifadhi ya wanyama, na kambi ya watalii iliyo upande wetu ndiyo iliyonifanya nisomee utalii. Wenye kambi walipotaka kusaidia kijiji, walifikiria kujenga zahanati, kwa sababu zahanati hupendeza kwenye picha. Lakini kabla ya kuchimba msingi waliwaita wanawake wakawauliza. Mama yangu alikuwepo. Wanawake wakasema zahanati ije baadaye, kwanza bomba, kwa sababu watoto wanaumwa tumbo kwa maji ya bwawani. Bomba likaja, na fedha za kulitunza zikawa zinatoka katika kila usiku ambao mgeni analala kambini. Matumbo yakapoa. Zahanati ikafuata, ikakuta kazi imepungua. Kwa hiyo nilijua kwa macho yangu kwamba mgeni anaweza kupita mahali akawaacha wenyeji wana afya kuliko alivyowakuta. Ndiyo maana yaliyotokea Al Rigga yaliniuma mara mbili.

Siku ya afya ilifanyika katika ukumbi wa harusi wa hoteli. Mchango wa kadi za kijani ulikuwa umezaa wauguzi, meza zenye vitambaa vyeupe, mizani, vifaa vya kupimia presha na vikombe vya plastiki vya mkojo. Jamii iliyokuwa ikisaidiwa, kumbe, tulikuwa sisi. Wageni waliotaka kushiriki walipewa fulana za kijani wakasimama mlangoni kutukaribisha. Ilikuwa ajabu kufunguliwa mlango na mtu ambaye asubuhi ulimwokotea soksi. Palikuwa na mpiga picha, na alimpenda dada mkubwa tangu alipoingia. Alimkalisha kwenye meza iliyo karibu na dirisha, mkono kwenye kifaa cha presha, akamwambia acheke. Wala hakuhitaji kuambiwa. Alicheka na ukumbi mzima ukamgeukia.

Baada ya picha muuguzi alimpima tena presha, kisha tena. Akaangalia mkojo wake. Akamvuta kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba figo zake hazifanyi kazi vizuri, kwamba amwone daktari wa figo haraka, na kwamba anywe maji, maji mengi, siku nzima. Dada mkubwa aliniletea habari hizi akiwa ameshika mfuko wa zawadi tuliopewa wote: mswaki, sabuni, na chupa ya maji ya kijani yenye nembo ya hoteli.

Wauguzi wakafungasha. Vitambaa vyeupe vilishushwa kufuliwa na sisi. Nilimuuliza supavaiza ni nani atakayefuatilia waliokutwa na shida, akaniambia siku ya afya ni ya kupima, si ya kutibu, na kwa matibabu kila mtu ana kadi yake ya bima. Kadi ya bima ilimfikisha dada mkubwa kwa daktari wa kawaida pale Deira, mtu mpole, ambaye alimwandikia vidonge vya presha na kuiomba bima kibali cha kumwona daktari wa figo. Kibali kilikuwa cha kusubiri. Akasubiri. Akawa anauliza kila wiki, na kila wiki anaambiwa inshallah, mpaka akaona haya kuuliza. Aliogopa pia. Kibandiko cha mgonjwa ukishabandikwa, mkataba ukiisha huitwi tena, na mabinti zake walikuwa wamebakiza kidogo kumaliza shule. Aliniomba nisimwambie mtu. Jioni tukitoka kazini miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vikaacha alama, naye alivivua kwenye ngazi za Naif na kupanda peku, akisema sakafu ya baridi ni dawa.

Nilimsihi afungue koki. Nilimwambia nitamsaidia vyumba vyake akishuka. Alijaribu. Siku aliposhuka mara nyingi, alimaliza kazi saa mbili baada yangu hata nilipomsaidia, na kesho yake supavaiza akamwuliza mbele ya watu kama anashuka kuvuta sigara. Hakushuka tena.

Katika majira yale ya baridi, ambayo kwa Dubai ndiyo majira ya wageni, tulipata mgeni mmoja aliyekaa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mzee, mwalimu mstaafu wa kutoka nchi za theluji, aliyekuja kumwona bintiye na mjukuu mchanga lakini hakutaka kuwabana katika nyumba yao ndogo. Alikuwa mtu wa kuuliza. Wageni wengi wakikukuta unatandika hupita na simu. Huyu aliketi kwenye kiti akazungumza nami. Na kadi ya kijani aliisoma mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwahi kuona mtu akilifanya.

Akaniuliza jamii inayosaidiwa ni ipi.

Nikamwambia, “Nadhani ni mimi, madam.”

Hakucheka. Aliiweka kadi juu ya meza, akaniuliza swali ambalo mama yangu aliulizwa na wenye kambi: tunahitaji nini. Sikuwahi kuulizwa swali hilo Dubai. Nilikuwa nimekunja foronya kifuani, na jibu likatoka lenyewe kabla sijalipamba.

“Choo. Choo kwenye ghorofa hii. Na maji ya kunywa.”

Alidhani hakusikia vizuri. Nikamweleza yote: lifti, onyo, koki, karafuu. Habari za dada mkubwa sikumwambia, maana niliombwa nisiseme, ila nilisema kuna mtu kati yetu ambaye jambo hili linamla. Yule mama akawa mwekundu usoni. Nilidhani amekasirikia ulimi wangu, kumbe alikuwa amekasirika kwa ajili yetu, kitu ambacho nilikuwa nimesahau jinsi kinavyoonekana.

Mgeni ana silaha moja tusiyo nayo sisi, nayo ni nyota anazoipa hoteli. Alikwenda kwa meneja akamwambia kwamba atasubiri kabla ya kuandika maoni yake mtandaoni, na kwamba angependa aandike jambo jema. Hakupaza sauti, wala hakutaja mtu. Wiki haikuisha kabla ya kufunguliwa chumba cha mwisho kwenye korido yetu, kile ambacho hakikuuzwa kwa sababu dirisha lake linatazama ukuta. Walituwekea mashine ya maji, vikombe, na viti viwili. Bafu lake likawa letu.

Sijui nitaelezaje furaha ya choo kwa mtu ambaye hajawahi kunyimwa. Ile wiki ya kwanza tulikuwa tukiingia mle hata bila haja, tukisimama tu. Wahudumu wenzetu Wanepali walileta picha ya milima wakaibandika. Dada mkubwa alijaza ile chupa yake ya kijani akaitundika kwenye toroli, akainywa mbele ya watu kwa madaha, huku akihesabu kwa sauti kila funda kama mtoto anayejifunza namba. Kichwa changu, kilichokuwa kikiniuma kila alasiri tangu nilipofika nchi hii, kilinyamaza. Sikuwa nimejua kwamba ni kiu iliyokuwa ikiniuma. Na kazi haikupungua. Vyumba viliisha mapema zaidi. Hata supavaiza alilisema hilo, bila kutaka.

Miguu ya dada mkubwa ilipungua uvimbe. Alirudi kwa daktari wa Deira, ambaye alisema presha imeshuka kidogo, aendelee hivyo hivyo, na akaombe tena kile kibali. Usiku ule alipika ndizi na mchuzi wa karanga, akaita jirani. Nilimwambia kwamba hii ndiyo maana yake, utalii ule nilioupenda darasani: mtu mmoja aliyepita, akauliza, akasikia. Nilizungumza kama mhubiri. Yeye akasema anamwombea yule mama maisha marefu, na mimi nipunguze maneno nile.

Yule mama aliondoka mwisho wa majira. Alituaga mmoja mmoja, akaandika maoni yake mazuri mtandaoni, na katika maoni hayo akakisifu chumba chetu. Nilifurahi niliposoma. Kumbe kukisifu ndiko kulikokiua. Wenye hoteli wa juu walisoma kwamba kuna chumba cha ustawi ghorofa ya tano, nao walikuwa wakijiandaa kukaguliwa ili nembo yao ya kijani ipandishwe daraja. Wakaja kukitazama. Wakaona picha ya milima, viti viwili vya plastiki, na masufuria ya chakula chetu.

Tuliporudi kutoka mapumziko ya siku moja tulikuta mlango una rangi mpya. Ndani kulikuwa na mikeka ya kunyoosha viungo, mishumaa, taulo zilizoviringishwa na mtungi wa kioo wenye maji na vipande vya matango. Mlangoni paliandikwa Chumba cha Ustawi, na chini yake kwamba ni kwa wageni pekee. Sisi tuliongezewa kukisafisha.

Nilikwenda kwa meneja. Nina hasira za kurithi, na siku hiyo sikuzibana. Alinikaribisha vizuri, akanikalisha, jambo ambalo halikuwa dalili njema. Akaniambia, “Afya yenu iko moyoni mwetu. Lakini kile chumba tuliwapa kwa muda tu.”

Nikamwuliza, kwa adabu yote iliyonibakia, kama figo nazo tumepewa kwa muda. Hakuelewa, na sikuweza kumfafanulia bila kumtaja mtu. Alisema atalifikiria suala la choo katika bajeti ijayo. Nikatoka. Kwenye korido dada mkubwa alikuwa ananingoja na toroli lake. Alinisoma usoni, akaing'oa chupa ya kijani kwenye ndoano yake, akaiweka chini kabisa nyuma ya sabuni.

“Khalas, basi,” akasema. “Tufunge koki, mdogo wangu. Tulizoea.”

Nilimwandikia yule mama kwa njia ya mtandao. Alijibu kwa uchungu wa kweli, akamwandikia meneja, na meneja akamshukuru kwa kujali. Alikuwa mbali sasa, na nyota alikwisha kuzitoa. Simlaumu. Alifanya yaliyo ndani ya uwezo wake, na uwezo wa mgeni unakwisha siku anaporudisha ufunguo. Nilichojifunza ni kwamba jambo jema likikaa mkononi mwa mgeni mmoja, linapanda naye ndege. Kule kwetu bomba halikumhitaji mtu arudi kulitetea, kwa sababu lilikuwa la kijiji. Chumba chetu hakikuwahi kuwa chetu.

Kiangazi kikaingia, lile joto linalokufanya uhurumie hata chuma. Dada mkubwa alianguka alasiri mbele ya stoo ya mashuka, na mashuka yaliyokuwa mikononi mwake yakatangulia chini, ndiyo maana hakuumia kichwa. Nilimfikia kwanza. Alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, na pete aliyovaa ilikuwa imezama kwenye kidole. Hospitali walimwokoa. Daktari wa figo, yule aliyemngojea miezi yote, alimwona siku hiyo hiyo bila kibali chochote, akamwambia kwamba figo zote mbili zimekufa, na kwamba kuanzia sasa ataishi kwa mashine ya kusafisha damu.

Hoteli ilifanya kila kitu kwa utaratibu. Ilimtumia maua. Kisha ikamwandikia kwamba hafai tena kwa kazi, na visa yake ikafutwa. Tulimfungashia sanduku pale Naif, wanawake wote wa chumba, kila mtu akisukumiza ndani kitu cha mabinti. Yeye alikaa kitandani kwake cha chini akitupa maelekezo. Niliitoa ile chupa ya kijani nimwulize kama anaitaka. Akasema nibaki nayo, kule kwao vikombe vipo. Uwanja wa ndege alisukumwa kwa kiti cha magurudumu, na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu alijitahidi kukaa wima ili nisione.

Mashine ilikuwa katika mji mwingine, nusu siku kwa basi kutoka kwa mama yake. Alikwenda alipoweza.

Kadi mpya zilifika baada ya yeye kuondoka. Supavaiza alitukabidhi mabunda kwenye stoo, nami nikafungua langu, na uso wa dada mkubwa ukanicheka. Ilikuwa ile picha ya ukumbini: mkono kwenye kifaa cha presha, mwanga wa dirisha shavuni, meno yote nje. Chini yake paliandikwa kwamba ukiacha chumba chako kisisafishwe leo, unamsaidia yeye na jamii yake kuishi na afya njema. Nilikaa juu ya marobota ya taulo. Supavaiza, ambaye naye si shetani, alisema pole, akasema kadi zimechapishwa nyingi na haziwezi kurudishwa. Kisha akasema yalla, twende, wageni wanaingia.

Asubuhi ile nilimlaza dada mkubwa juu ya kila mto wa ghorofa ya tano. Katikati, uso ukimwelekea mgeni. Niliinyoosha kila kadi kwa kidole kimoja.

Nilimpigia kumwambia, maana niliona bora aisikie kwangu. Akataka kuiona, nikamtumia picha.

“Bannange, jamani,” akasema. “Kumbe nilikuwa na mwili.”

Yeye akaendelea, sauti imekuwa nyembamba lakini utani ni ule ule, akasema sasa amelala na wageni wote wa Al Rigga, mama yake asisikie. Halafu akaniuliza kama kile chumba cha mwisho bado kina maji. Nikamwambia maji yapo, siku hizi wanatia na matango. Alifurahi. Sikumwambia ni ya nani.

Miezi michache baadaye nilipiga simu ikapokewa na binti yake mkubwa, na nilijua kabla hajasema, kwa sababu aliniita shangazi, akanyamaza. Nilikuwa kwenye ngazi za Naif. Nilivua viatu nikakaa pale pale. Watu walipanda na mizigo yao ya madukani wakanipita, na hakuna aliyeniuliza, maana mtu anayelia kwenye ngazi za Naif si habari.

Sasa nakunywa maji. Nashuka kila mwili wangu unapotaka, lifti ije isije, na nimekwisha kupewa onyo la kwanza. Nakunywa kwa hasira, si kwa busara. Wahudumu wapya wananiona mvivu. Nimewasimulia, wote, zaidi ya mara moja. Wananisikiliza kwa heshima, wanatikisa vichwa, na kisha wanatazama saa. Siwezi kuwalaumu. Vyumba ni vingi kuliko zamani. Nembo ya kijani ilipandishwa daraja na imetundikwa mapokezi, ndani ya fremu. Choo bado kiko chini, pembeni ya mashine za kufulia. Kadi za dada mkubwa bado zipo stoo, maboksi mazima, na sijui zitakwisha lini.

Juzi nimepewa msichana wa kumfundisha kazi, Mkenya mwenzangu, mwepesi wa mikono, siku zake za kwanza katika nchi hii. Ilikuwa karibu na adhuhuri na midomo yake ilikuwa imepauka. Nilimnyooshea ile chupa ya kijani. Nilimwambia anywe, kisha ashuke, vyumba vyake nitavimaliza mimi.

“Hapana, dada,” akaniambia kwa upole, na nikaona pembeni ya mdomo wake kichwa cha karafuu. “Nimeshafunga koki. Nitakunywa nikitoka.”

Sikuwa nimemfundisha mimi. Alipita na toroli lake, na kila alipofika kwenye mlango ulio na kadi iliyogeukia ndani, alisimama akaigeuza vizuri, uso utazame nje, kama tunavyotakiwa.